Siku tano na sanduku la chupa: visima vya Misungwi na Sengerema

Jumatatu. Capri Point

Mjomba alifika kutoka Magu na daladala ya alfajiri, mkononi mfuko wa michembe na jembe lisilo na mpini. Mpini tutapata njiani, alisema, kana kwamba mipini huota kando ya lami. Amechimba visima kwa mkono zaidi ya miaka thelathini, tangu enzi ambazo mashine ya kuchimba ilikuwa habari ya kusimuliwa, na sasa mgongo unamdai. Mimi maji nimeyasoma darasani. Ndiyo maana nilimpigia simu na kumbembeleza tuongozane.

Kazi yenyewe ni ya shahada yangu ya uzamili: kuchota maji kwenye visima vilivyochimbwa ndani ya granaiti, kupima radoni na urani, vitu viwili vya asili vyenye mionzi, kisha kuangalia udongo wa juu unachangia nini. Hakuna aliyemwaga taka za nyuklia upande huu wa Ziwa Viktoria, niliweke hilo wazi mapema maana watu wa mtaani kwetu Nyakato wameshaanza kunitazama vibaya. Mionzi ninayoifuata imo ndani ya mawe yenyewe, mawe ambayo yamekuwa hapa zaidi ya miaka bilioni 2.5, kabla hata ziwa halijafikiriwa.

Tulianzia Capri Point, hapa Mwanza mjini, kwa sababu nilitaka mjomba asikie kwanza. Nilikiwasha kipima mionzi pale chini kwenye mchanga wa ufukweni, kikawa kinatoa sauti moja moja, kivivu. Tukapanda kwenye mwamba, nikakilaza juu ya jiwe. Sauti zikakaribiana. Kijana wa kirikuu tuliyemkodi aliruka nyuma.

"Bro, kumbe tunaishi juu ya bomu?"

Nikamwambia tani nzima ya granaiti ya kawaida ina gramu chache tu za urani. Kidogo mno kuunda chochote, lakini inatosha kukifanya kifaa kiongee. Mjomba hakuruka. Aliligusa jiwe, akauliza, "Hiyo inatokaje humu ikaingia kisimani?" Swali hilo ndilo tulilolibeba siku zote tano.

Nilimjibu kwa kuanzia na ukoo. Urani 238 ndiye babu: inachukua miaka bilioni 4.5 ili nusu yake igeuke kuwa kitu kingine. Katika wajukuu zake yumo radiamu 226, ambaye nusu yake huisha kwa miaka 1,600. Radiamu huzaa radoni, ambayo ni gesi, na nusu ya radoni hupotea kwa siku 3.8. Ukoo ni mmoja, ila tabia zinapishana kabisa. Urani huyeyuka majini pale penye oksijeni. Radiamu hujifanya ndugu yake kalsiamu na kujibanza kwenye udongo. Radoni haishikamani na chochote. Ikitoka kwenye ufa wa jiwe inaingia majini, na maji yakiona hewa tu, imeshatoroka.

Jioni tulifunga sanduku. Chupa za plastiki ni za urani, na kila moja itatiwa matone ya asidi ya naitriki baada ya kujazwa, kwa sababu bila asidi urani huganda kwenye kuta za chupa na maabara wanapima maji yaliyoachwa mikono mitupu. (Kama plastiki laini inaweza kunyang'anya maji urani, fikiria udongo.) Chupa za kioo ni za radoni. Hizo lazima zijazwe zikiwa zimezamishwa ndani ya ndoo na kufungwa humohumo, bila kiputo hata kimoja cha hewa, kisha zifike Arusha haraka. Mwenzangu wa maabara amekubali kuja kazini Jumamosi asubuhi. Kila saa tunayochelewa ni radoni iliyokwisha.

Jumanne. Usagara hadi Misungwi

Kisima cha kwanza tulikipata kupita Usagara, chini ya kilima chenye mawe yaliyobebana kama mizigo ya stendi. Saa nne kamili asubuhi. Kinamama walitupisha foleni baada ya mjomba kusalimia, "Mwangaluka!" na kuulizana habari za mvua kwa dakika nyingi kuliko nilizopanga. Tulipiga pampu mpaka maji yaliyolala kwenye bomba yaishe, tukajaza ndoo taratibu kwa mpira ulioshushwa mpaka chini yasiruke, nikazamisha mikono na chupa. Jaribio la kwanza, kiputo. La pili, kiputo. La tatu nikaigeuza chupa juu chini, nikagonga kitako: hakuna kitu. Nikaandika saa kwenye lebo. Mama mmoja akauliza kama huwa naosha vyombo nyumbani kwa utaratibu huohuo.

Kisha mjomba akasema tuache gari tushuke na mteremko kwa miguu.

Sijawahi kufundishwa udongo hivi. Juu kabisa, mgongoni kwa mawe, ni luguru, hapalimwi. Hatua chache chini unaanza luseni, mchanga mweupe mwepesi unaotokana na granaiti iliyooza, ambako watu wanalima mihogo na viazi. Chini yake itogolo, ardhi iliyoshindiliwa kiasi kwamba jembe linarudi mkononi likilia. Bondeni kabisa, mbuga: udongo mweusi wa mfinyanzi, wa mpunga na pamba. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, aliuita mpangilio wa aina hii katena, yaani mnyororo, na jina hilo likaingia kwenye vitabu vya udongo vya dunia nzima. Wasukuma walikuwa wameshazitaja pete zake moja moja kwa majina, na kila jina linakuambia pa kulima na pa kuacha.

Mjomba alimwaga kikombe cha maji kwenye luseni. Yalizama kabla hajanyanyua kikombe. "Kisima cha luseni hujaa upesi," alisema, "na huchafuka upesi. Choo kikiwa juu yake, hata usiulize." Kwenye itogolo maji yaliteleza na kuondoka zao. Kwenye mbuga yalikaa juu yakimeta kama kioo.

Hapo nilipata pa kuingilia. Mwaka 1856 Henry Darcy, mhandisi wa mji wa Dijon huko Ufaransa, alipitisha maji kwenye nguzo iliyojaa mchanga na kuonyesha kwamba kasi yake inategemea mambo mawili: mwinamo unaoyasukuma, na jinsi udongo unavyopitisha. Kwenye mchanga maji ya ardhini huweza kwenda kutoka sentimita kadhaa hadi mita kadhaa kwa siku. Kwenye mfinyanzi mzito unahesabu milimita kwa mwaka. Lakini hiyo ni kasi ya maji. Kilichomo ndani ya maji kina mwendo wake, na watu wengi wanakosea hapo: wanasikia sumu imeingia ardhini, wanadhani inakwenda mbio sawa na maji.

Nilimweleza kijana wa kirikuu kwa lugha ya kazi yake. Chukua barabara ya Nyegezi kwenda mjini: maji ni gari, vitu vyenye mionzi ni abiria. Tritiamu ni haidrojeni yenye mionzi, inakuwa sehemu ya maji yenyewe, kwa hiyo yeye ndiye gari; maji yakifika naye kafika. Teknetiamu na iodini hubeba chaji hasi, na mfinyanzi nao ni hasi, kwa hiyo wanasukumana: huyo ni abiria ambaye kila kituo anakataliwa kushuka, anapelekwa hadi mwisho. Strontiamu 90 hufanana na kalsiamu. Anashuka kila kituo, ananunua karanga, anapanda tena. Siziamu 137 hufanana na potasiamu. Huyo anashuka kituo cha kwanza na kupanga chumba.

"Na kodi analipa miaka mingapi?"

Nusu ya siziamu huisha kwa miaka 30. Baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kulipuka Aprili 26, 1986, waliokwenda kuchimba miongo baadaye walikuta sehemu kubwa ya siziamu bado iko kwenye sentimita 10 hadi 20 za juu. Mvua zote hizo, theluji zote hizo, na haikuvuka kina cha jembe la mjomba. Strontiamu yeye alionekana akitoka kwenye mitaro walikofukia miti iliyoungua kwa mionzi, akifuata maji ya ardhini polepole.

Nisipotoshe watu hapa. Udongo ulioishika siziamu ya kule una madini ya mfinyanzi ambayo tabaka zake zimechanika pembeni, na siziamu huingia kwenye nafasi hizo na kufungiwa. Udongo mwekundu wa nchi za joto hauna mitego hiyo kwa wingi. Kwetu siziamu ingebaki juu pia, lakini mizizi ingeipata kwa urahisi zaidi. Kwa mkulima wa viazi tofauti hiyo ni kubwa.

Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha kosa langu. Tulikuwa tumesimama mbugani, mwezi wa kumi, mvua za vuli hazijafika. Ardhi ilikuwa imepasuka. Aliingiza mkono kwenye ufa mmoja hadi kiwiko, akamimina maji yote yaliyobaki kwenye dumu. Hayakusimama, hayakumeta. Tulisikia yakishuka.

"Huo mfinyanzi wako unaoshika kila kitu," akasema, "mwezi huu haushiki hata maji."

Ni kweli, na nilikuwa nimelisoma hilo bila kuliona. Mbuga ikilowa inavimba na kujifunga, ikikauka inafunguka kama mlango. Mvua ya kwanza hupita kwenye nyufa, inaruka mfinyanzi wote, na chochote kilichokuwa juu (samadi, dawa ya pamba, mionzi kama ingekuwepo) kinashuka nayo bila kuguswa. Ndani ya siku chache mlango unafungwa. Ukipima kisima mwezi wa nne na mwingine akakipima mwezi wa kumi na moja mwanzoni, mnaweza kupishana majibu na kila mmoja akawa amesema kweli.

Jumatano. Misungwi

Kisima cha leo kimefungwa kwa kufuli. Mwenye ufunguo ni mtunza hazina wa kamati ya maji, na mtunza hazina yuko msibani kijiji cha pili. Msiba hauulizwi utaisha saa ngapi. Tulichangia, tukakaa chini ya mwembe, tukala michembe ya mjomba na karanga, na mpini wa jembe ukapatikana kweli, kwa shilingi elfu mbili, kutoka kwa jirani wa mfiwa.

Nyumba ya wageni jioni ilikuwa na umeme wa mashaka, kwa hiyo tulifanya jaribio nililokuwa nimeliahidi. Nilikata chupa mbili za maji ya kunywa, nikazitoboa vifuniko, nikazigeuza kama faneli. Moja nikajaza luseni. Ya pili nikajaza mbuga iliyotwangwa na kuchanganywa na luseni, kwa kuwa mbuga tupu ingetukesha. Dukani tulinunua GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni. Nikatia matone kwenye maji ya chumvi.

Kwenye luseni, zambarau ilififia kidogo tu, ikatoka. Kwenye mbuga, maji yaliyodondoka kwenye kikombe yalikuwa meupe, kama hayajawahi kukutana na dawa. Mjomba akachovya kidole, akaonja kabla sijamzuia.

"Chumvi imo."

Zambarau yote ilikuwa imekaa juu, mkanda mwembamba kama nusu ya ukucha. Rangi ya GV ina chaji chanya, mfinyanzi hasi, wakashikana. Chumvi ikapita, walau upande wake wa kloridi, ambao ni hasi na hauna pa kushika. Safari moja, maji mamoja, abiria wawili, mmoja kafika na mwingine kapanga chumba. Kijana wa kirikuu alicheka, akapiga picha kikombe.

Nilitaka tulale hapo, tukiwa tumeshinda. Mjomba akasema mvua haina chumvi, mimina maji matupu. Nikamimina. Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu matone yakaanza kubadilika, yakawa na ukungu, kisha yakawa matope mepesi, na ndani ya matope hayo ilikuwemo zambarau.

Dawa haikuachia mfinyanzi. Mfinyanzi wenyewe ndio ulisafiri. Chumvi ilikuwa imezishikanisha chembe zake. Maji matupu yalipokuja yakazitawanya, na chembe zikaondoka na rangi mgongoni. Hili ndilo lililowashangaza watafiti huko Nevada, Marekani, yalikojaribiwa mabomu ya nyuklia. Plutoniamu, metali yenye mionzi ya mabomu hayo, hushikamana na udongo kiasi kwamba hesabu za zamani ziliiweka mahali ilipoangukia, basi. Mwaka 1999 watafiti walichapisha kwamba plutoniamu ya jaribio la bomu lililolipuliwa chini ya ardhi mwaka 1968 ilionekana kwenye maji ya kisima kilichoko kilomita 1.3 kutoka hapo. Kiasi kilikuwa kidogo sana, lakini kilikuwa kimedandia chembe ndogo za madini zinazoelea majini. Kwenye mfano wangu wa barabara ya Nyegezi nilikuwa nimemsahau huyu: aliyepanga chumba, kisha nyumba nzima ikapakiwa kwenye lori.

Mjomba alisema kwao wachimbaji hutandika kokoto na mchanga chini ya kisima kipya na kuyachota maji ya kwanza siku nzima mpaka yaache ukungu. Sababu aliyopewa na waliomfundisha ni kwamba maji yenye ukungu "yamebeba mtu".

Alhamisi. Kigongo, Busisi, Sengerema

Ufunguo ulirudi alfajiri. Tukachota, tukajaza chupa mbili za kioo bila kiputo (nimeanza kuwa fundi), tukaondoka.

Tumevuka kwa daraja. Kabla ya Juni 2025 hapa ungekaa Kigongo kusubiri kivuko, ukala samaki wa kukaanga mpaka ukajuta. Sasa kilomita tatu na ushee unazimaliza kabla wimbo haujaisha. Mjomba hakufurahi. Anasema alishazoea kusalimiana na watu wa kivukoni.

Upande wa Sengerema tulishuka kwenye kinamasi cha mafunjo kinachopokea kijito kabla hakijaingia ziwani. Hapa nilitumia muda mrefu kuliko mahali pengine, matope hadi magotini, na nitaeleza kwa nini. Urani ina sura mbili. Penye oksijeni huvaa sura ya kuyeyuka, na ikikuta kaboneti, kama ile iliyomo kwenye ibushi, udongo wetu wenye chokaa, hushikana nayo na kuwa msafiri hodari. Hata mfinyanzi haumpati. Pasipo na oksijeni hubadilika, inaganda, inakaa. Tope la mafunjo, lile jeusi linalonuka kama yai bovu, halina oksijeni hata kidogo. Maji yanaingia na urani, yanatoka yameiacha.

Dunia imeshafanya majaribio haya bila kutuuliza. Bahi na Manyoni, katikati ya nchi, kuna urani iliyookotwa na maji kutoka kwenye granaiti za kuzunguka, ikasafirishwa taratibu hadi kwenye mabonde ya mbuga, ikagandia huko pamoja na chokaa maji yalipokauka. Ni njia ileile ya mteremko wa Usagara, imepewa muda tu. Na kule Oklo, Gabon, mwaka 1972 iligundulika kwamba miaka karibu bilioni 2 iliyopita mwamba wenye urani nyingi uliwasha moto wa nyuklia wenyewe, maji ya ardhini yakiwa ndiyo swichi yake: yakiwemo unawaka, yakichemka na kutoweka unazimika. Taka zake zilifukiwa na nani? Hakuna mtu. Hata hivyo plutoniamu iliyozaliwa mle haikufika mbali kabla haijageuka kuwa kitu kingine.

Mzee mmoja aliyekuwa anakata mafunjo alituuliza tunapima nini. Nikamwambia. Akasema wenzake wanataka kukausha sehemu ile walime nyanya. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba tope likikauka hewa inaingia, na kilichokuwa kimelala kinaweza kuyeyuka upya. Hilo halihusu urani peke yake, na hapa urani huenda ni kidogo isiyo na neno. Lipo pia la chuma, la mbolea, la vinyesi vya mifugo wote wa mlimani. Alinisikiliza vizuri. Sidhani kama nyanya zitaacha kupandwa.

Kisimani Sengerema tulipokelewa na mwenyekiti wa kitongoji aliyekuja na watu sita. Geita haiko mbali, na huku mtu mwenye sanduku na kifaa kinacholia ni mtu wa dhahabu mpaka athibitishe vingine.

"Mkikuta, mtatuambia?"

"Mwenyekiti, tunapima maji."

"Sawa. Lakini mkikuta?"

Tuliposhakunywa chai, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliuliza swali la maana kuliko yote ya wiki: akichemsha, yanatoka? Nikamjibu kwa mafungu. Radoni inatoka, hata ukiyamimina tu kutoka ndoo hii kwenda ile sehemu yake inakimbia. Ndiyo maana mimi nahangaika na viputo. Urani haitoki. Ukichemsha maji yanapungua na urani inabaki palepale, kwa hiyo inakuwa nzito zaidi kidogo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 30 za urani kwa lita moja ya maji ya kunywa, na kikomo hicho kimewekwa kwa ajili ya figo, maana urani huumiza figo kwa ukemia wake kabla mionzi yake haijawa hoja. Vijidudu vya kuhara vinaua watoto leo. Achemshe. Majibu ya urani nitayaleta mwenyewe, kwa karatasi, kwa mwenyekiti, mkutano wa hadhara. Akasema wapimaji huwa wanasema hivyo.

Hilo la mama limenikaa. Nimeandika namba ya simu ya mwenyekiti kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, juu ya jina langu.

Ijumaa. Kamanga hadi Nyegezi

Mjomba aliomba turudi kwa kivuko cha Kamanga, na kwa kuwa amenisahihisha mara mbili wiki hii nilimkubalia.

Kirikuu kiliingia kati ya lori la mkaa na gari la mizigo lenye dagaa. Tulipofika katikati ya maji niliwasha kipima mionzi, zaidi kwa mazoea. Kilikaa kimya hadi nikadhani betri imekufa. Kisha, ti. Kimya kirefu. Ti. Kijana wa kirikuu aliinama kukisikiliza kama anayesikiliza saa ya ukutani.

Chini yetu kulikuwa na miamba ileile ya Capri Point, na ukelele wote wa Jumatatu ulikuwepo, ila mita chache tu za maji zinatosha kuuzima. Tulichokuwa tunasikia kilitoka juu, angani, pamoja na kidogo kilichomo kwenye chuma cha kivuko na ndani ya miili yetu, maana kila mmoja wetu ana potasiamu 40, potasiamu yenye mionzi ya asili. Mjomba akasogeza kifuani kwake. "Mimi je?" Kifaa hiki hakina masikio ya kusikia hilo. Nilimwambia ziwani ndiko mahali penye utulivu kuliko pote tulipopita. Akasema hilo wavuvi wa Mwaloni wangeweza kuniambia bure.

Ziwa nalo lina namna yake. Siziamu ikiingia kwenye maji kama haya, nyingi hushika chembe za tope na kuzama nazo. Inayobaki hupendwa na samaki: samaki wa maji baridi huifyonza zaidi kuliko wa baharini, kwa sababu potasiamu ni adimu huku na mwili wake unaokoteza chochote kinachofanana nayo. Na maji ya ardhini tuliyoyafuata wiki nzima huishia huku, taratibu, mbuga kwa mbuga, mafunjo kwa mafunjo, kama yataachiwa mafunjo.

Tulipofika Mwanza foleni ilitula. Nyegezi tulifika saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, na basi la Arusha lilikuwa limeshawasha injini. Nilifungua sanduku kukagua mara ya mwisho, na nikatamani nisingelifungua. Chupa moja ya Misungwi, ile niliyojisifia ufundi, ilikuwa na kiputo ukubwa wa punje ya mtama kikicheza shingoni. Kifuniko hakikukazwa vizuri. Radoni hupenda kuhamia kwenye kiputo kama hicho, na kifuniko kisichokazwa huiacha ivuje, usijue ni kiasi gani. Nikaitoa. Mjomba akaimwaga chini ya mwarobaini wa stendi, akanirudishia ikiwa tupu.

Chupa ya kwanza, ya saa nne Jumanne, ikifunguliwa Jumamosi asubuhi itakuwa na umri wa karibu saa 94. Hiyo ni siku 3.9: nusu ya radoni yake haipo tena, imegeuka bila kutoka chupani. Hesabu ya kurudisha nusu hiyo kwenye karatasi ni rahisi mradi saa iliyoandikwa kwenye lebo ni ya kweli. Ni ya kweli. Niliiandika mikono ikiwa bado inachuruzika.

Kondakta aliinua sanduku, akaliona zito.

"Kuna nini humu?"

"Maji."

Aliliangalia, akatazama upande ziwa liliko, akarudisha macho kwangu. Akaandika kwenye risiti: vitu vya kioo, kimoja. Nauli ya mzigo, elfu kumi na tano. Mjomba alianza kumwomba apunguze, wakakuta wote ni watu wa Magu, ikawa elfu kumi na mbili.